Kibaba cha Buyenzi

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alitoa kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi, akaomba mafuta ya mawese ya faranga 500. Mwenye butike alichota kwa kikombe kidogo kilichofungwa uzi kwenye mpini wa ndoo, akamimina bila kudondosha hata tone. Ikafuata chumvi, imefungwa kwenye karatasi iliyochanwa daftari la shule. Ikafuata sabuni ya mche, kipande tu, nacho kikakatwa kwa waya mbele ya macho yake. Mwisho Maggi moja. Si pakiti, moja. Mwanamke akavipanga vitu vyake ndani ya beseni, akasema, "Andika," akaenda zake. Daftari likatoka chini ya meza, deni likaandikwa.

"Na wewe, mwanangu?"

Nilitaka chupa ya maji tu. Nilitoa noti ya faranga 10,000. Mama aliigeuza huku na huku, akaiinua juani, akaniuliza nimeipata benki au barabarani. Ilikuwa Agosti 2023, na Bujumbura nzima ilikuwa bado inazitazama noti kubwa kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumuuma. Miezi miwili nyuma, mwezi wa Juni, Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kwamba noti za zamani za 5,000 na 10,000 zinafutwa, na aliye nazo ana siku 10 tu za kuzipeleka benki. Akiba ya mama huyu ilikuwa inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Alipanga foleni siku tatu. "Kopo langu halijaniuliza kitambulisho hata siku moja," alisema.

Chenji hakuwa nayo. Nikaambiwa nichukue maji, nitaleta kesho. Kwa hiyo kabla sijamaliza saa nzima katika mtaa wa Buyenzi, nilikuwa nimekwisha ingia daftarini: "Mkenya, maji."

Pengine mtu atauliza kwa nini Mkenya afunge safari kwenda kutazama butike, kana kwamba kwao hakuna maduka. Jibu liko katika mahali nilipozaliwa. Mimi ni wa Bondeni, Nakuru, na Nakuru ndiyo iliyozaa baadhi ya supamaketi kubwa za Kenya. Nakumatt, ukilipasua jina lake, utakuta Nakuru na magodoro. Tuskys ilianzia Rongai, mwendo mfupi kutoka mjini kwetu. Naivas nayo ilifungua mlango wake wa kwanza Rongai hiyohiyo mwaka 1990, baadaye ikachukua jina la Naivasha na kulikata mkia. Hao ndio waliotufundisha kusukuma kigari, kusoma bei kwenye rafu badala ya kuisoma usoni mwa mwenye duka, na kutoka na risiti ndefu kuliko mkono. Nakumatt ilivuka mipaka, ikaingia Rwanda, Uganda na Tanzania. Burundi haikufika. Kisha ikafa: Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Tuskys ikaifuata. Naivas ipo, na matawi yake yamepita 100.

Duka la baba yangu kule Bondeni halikusubiri kuona mwisho huo. Lilifungwa kimya kimya, kama yanavyofungwa maduka mengi: kwanza rafu ya juu ikaisha vitu, kisha ya kati, kisha baba akaanza kufungua saa nne badala ya saa kumi na mbili. Mama yangu ndiye aliyejaribu kwenda na wakati. Alifuga kuku wa mayai, akawa anayapeleka mayai kwenye supamaketi moja ya mjini ambayo sitaitaja. Sharti lilikuwa kulipwa baada ya siku 60. Siku 60 zikawa 90, na 90 zikawa "rudi mwisho wa mwezi", mpaka siku moja akakuta mlango una mnyororo na mlinzi asiyemjua. Kuku wakauzwa ili kulipia chakula walichokwisha kula.

Tangu hapo nimekuwa na hamu ya kuuona mji mkubwa ambao mafuriko hayo hayakuupitia. Nilipopata shughuli Ujiji, Kigoma, nikaona nusu ya njia nimekwisha lipiwa.

Kutoka Kigoma nilipanda hadi Manyovu, nikavuka Mugina, nikashuka kupitia Mabanda hadi Nyanza-Lac katika Probox iliyobeba watu wanane na mbuzi mmoja mwenye adabu. Kuanzia hapo barabara inaelekea kaskazini na ziwa liko kushoto kwako muda wote, michikichi ya Rumonge ikikukimbilia kulia. Vituo vingi vya mafuta tulivyopita vilikuwa na foleni za magari na hakuna mafuta. Dereva wetu alikuwa na kidumu chake nyuma ya kiti, karibu na mbuzi, na kila abiria aliyetaka kuwasha sigara alitazamwa na gari zima.

Bujumbura imekaa kwenye pembe ya juu ya Tanganyika, ina milima mgongoni na milima ya Kongo usoni, ng'ambo ya maji. Tangu 2019 makao makuu ya siasa ni Gitega, lakini biashara ilikataa kuhama na ziwa. Mgeni wa Kiswahili hapati taabu hapa. Wakati wa misafara ya Ujiji lugha ilipanda pwani ya ziwa pamoja na watu wake, na Wabelgiji walipoupanga mji huu, ulioitwa Usumbura wakati huo, Waswahili walipata mtaa wao, huu wa Buyenzi, wenye njia zilizopewa nambari badala ya majina. Mtu anakuelekeza kwa kukwambia "njia ya saba, karibu na msikiti," na unafika. Mafundi wa magari wamejaa kila kona, injini zimelala barabarani zikiwa zimefunguliwa kama samaki waliopasuliwa, na katikati ya grisi hiyo kuna harufu ya pilau. Nilijiona niko Bondeni.

Siku ya pili nilikwenda kutafuta supamaketi.

Nilitembea kwa miguu, na hilo lenyewe ni sehemu ya habari. Tangu Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji za abiria zilikuwa zimepigwa marufuku katikati ya mji, na mabasi mengi yalikuwa yamelala kwa kukosa mafuta. Asubuhi watu wa Kamenge na Kinama walikuja kwa miguu, jioni walirudi kwa miguu. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo Nakuru sikuwahi kulifikiria: supamaketi huishi kwa magari. Kigari cha kusukuma kina maana pale tu ambapo buti la gari linakisubiri nje. Mtu anayerudi Kamenge kwa miguu jioni hawezi kununua unga kilo 10 mjini, hata kama ni wa bei nafuu, kwa sababu atakayeubeba ni yeye. Atanunua kilo moja karibu na mlango wake.

Katika mtaa wa Rohero niliyakuta maduka makubwa ya chakula, yale yenye neno "Alimentation" juu ya mlango. Ni masafi, yana baridi, yana jibini ya Ulaya na mvinyo na bei za kuzimisha roho. Wateja niliowaona walikuwa wafanyakazi wa mashirika, wake wa wakubwa, na mimi niliyeingia kupoa. Kila duka lina mwenyewe mmoja na jengo moja. Saa sita na nusu nikaombwa kwa upole nitoke: Bujumbura bado inafunga mchana kama Wabelgiji walivyoiacha, na mwenye duka alikuwa anakwenda kula kwake.

Kwa nini wakubwa wa kanda hawakuja? Duka la aina ile linataka mteja mwenye mshahara wa uhakika na linataka dola za kuagizia bidhaa. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye kipato cha chini kabisa duniani, na dola ni adimu kuliko mvua ya Agosti. Mei 2023 Benki Kuu iliishusha thamani faranga, dola ikapanda kutoka kama faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei rasmi, na bei ya barabarani ikabaki juu zaidi. Kisha kuna siasa. Mwaka 2015, wakati ambapo mfanyabiashara wa Nairobi angeweza kuitupia jicho Bujumbura, nchi iliingia katika mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Na tusisahau kwamba hao wakubwa wenyewe walikuwa wanaumwa. Oktoba mwaka huohuo Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Uganda na Tanzania. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa imekwisha ondoka Tanzania mwaka mmoja kabla, ikaiuzia Nakumatt maduka yake, naye mnunuzi akaja kufa. Game, iliyokuwa chini ya Massmart iliyonunuliwa na Walmart ya Marekani, iliondoka Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2022. Ukiyapanga maduka hayo yote kwenye foleni, utaona ni kama msafara wa mazishi, na Bujumbura imebaki imesimama kando ya barabara bila kufiwa.

Ningeweza kuishia hapo, nirudi Nakuru na hadithi nzuri ya mji ulionusurika. Lakini Bujumbura imefiwa, tena vibaya, ila kwa njia nyingine.

Katikati ya mji, hatua chache kutoka maduka ya Rohero, nilikuta kiwanja kikubwa chenye kuta na paa lililoungua. Hapo palikuwa Soko Kuu. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, asubuhi, liliwaka moto, na likaendelea kuwaka huku mji mzima ukitazama. Rwanda ilituma helikopta kusaidia kuzima. Haikusaidia kitu kwa aliyekuwa na mali ndani. Wengi walikuwa na mikopo ya benki, bidhaa ndiyo iliyokuwa rehani, na bidhaa ilikuwa majivu. Nilipofika, miaka 10 ilikuwa imepita na soko halikuwa limejengwa. Nje ya ukuta, kina mama walikuwa wameketi na parachichi kwenye beseni, macho yako barabarani, kwa sababu polisi huwafukuza wachuuzi wa kutembeza katikati ya mji. Mmoja alikuwa amejifunga beseni na kanga mapajani ili akiinuka aondoke na duka lake lote.

Biashara ya lile soko ilitawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Wengine walikwenda Ngagara, kwenye soko jipya ambalo kila mtu analiita Kwa Siyoni. Wengine walikwenda COTEBU, jirani na kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina. Wengine walirudi Ruvumera, hapahapa Buyenzi. Ruvumera nilimkuta muuza vitenge aliyekuwa na meza Soko Kuu tangu ujana wake. Alinipangia vitenge kwa rangi bila mimi kuomba, akanionyesha vya Kongo vilivyopita Uvira, akaniuliza mke wangu mnene au mwembamba. Nilimuuliza tofauti ya hapa na kule. Alifikiri kidogo. "Kule tulikuwa na jina," alisema. "Mtu wa Muyinga akija mjini, anajua atanikuta wapi. Hapa nina meza."

Nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa meza yake nilianza kuliona lile soko kwa jicho lingine. Lilikuwa ndilo supamaketi la Bujumbura: paa moja, kila kitu chini yake, mteja anaingia na orodha na kutoka na mzigo. Tofauti ni kwamba wenyewe walikuwa maelfu. Kwetu supamaketi liliua maduka madogo ya mitaa. Hapa moto uliliua duka kubwa la wadogo, na wadogo wakarudishwa mitaani kila mmoja na lake. Mimi niliyekuja kutafuta mji ambao butike zimestawi, nilikuwa natazama butike ambazo baadhi yake ni mabaki ya meli iliyozama.

Kuna mzee wa Buyenzi, jirani wa mwenyeji wangu, ambaye jioni hukaa barazani na chai ya tangawizi. Nilipomwambia nachunguza biashara alicheka, akanyoosha kidole kuelekea kilima cha Vugizo, alipozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore. "Mtu wa kuulizwa habari hiyo yuko kule," alisema.

Historia hiyo haisimuliwi sana nje ya Burundi, nasi wasomaji wa Kiswahili tungepaswa kuijua. Kabla ya kuwa shujaa wa uhuru, Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa IV, alianza na maduka. Mwaka 1957, akiwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Wakati huo biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wazungu, Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Mwenyeji alikuwa mwisho wa mstari, ananunua kwa aliyenunua kwa aliyenunua. Hoja ya Rwagasore ilikuwa nyepesi: wadogo wakichanga, wataagiza wenyewe. Watu wa Buyenzi na Bwiza walimfuata, na baadaye wakawa nguzo ya chama chake, UPRONA. Baba wa mzee yule alitia fedha zake humo. Utawala wa Kibelgiji haukuupenda mchezo huo, na ushirika wenyewe haukuendeshwa vizuri. Madeni yakauzamisha mapema. Mwaka 1960 Rwagasore akaja na njia nyingine: aliwaita watu wayasusie maduka ya wakoloni na wasilipe kodi. Kwa hilo alifungiwa nyumbani kwake. Mwaka uliofuata alishinda uchaguzi, akawa waziri mkuu, na tarehe 13 Oktoba 1961 alipigwa risasi akiwa mezani katika hoteli kando ya ziwa. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, na nyuma yake walikuwapo wapinzani wake wa kisiasa.

"Fedha za baba hazikurudi," mzee alisema, akimimina chai kwenye sahani ili ipoe. "Lakini hakumlaumu. Alisema bora kudhulumiwa na wazo kuliko na mtu."

Mimi sikubaliani naye hapo. Deni ni deni, hata la wazo. Lakini nilinyamaza, chai ilikuwa ya kwake.

Nilirudi kwa mama wa butike karibu kila siku, na kila siku mstari wangu daftarini ukarefuka: maji, viberiti, ndizi, sabuni. Ukikaa kwenye kigoda pembeni ya butike kwa saa mbili unajifunza mengi kuliko kwenye ripoti. Nilijifunza, kwanza, kwamba mdogo wa Bujumbura ana mkubwa wake, ila huyo mkubwa hana rafu wala kigari. Sukari ya nchi inatoka kwa SOSUMO, kiwanda cha Moso, na haitoshi. Bia na soda zinatoka Brarudi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1955, ambayo Heineken ya Uholanzi ina karibu asilimia 60 ya hisa na serikali karibu 40. Primus na Amstel ni kama sala ya jioni katika mji huu, na zikiadimika mji mzima unanuna. Kuna bei iliyopangwa na serikali, na kuna bei ambayo bidhaa inamfikia mama ikiwa imepitia mikono mitatu. Akiuza kwa bei iliyopangwa, anapata hasara. Akiuza kwa bei inayomlipa, yeye ndiye mlanguzi, maana ndiye wa mwisho na ndiye anayeonekana. Sukari siku hizo alikuwa haweki kabisa. "Ina maneno mengi," alisema.

Niliwaza mayai ya mama yangu. Kule Nakuru mkubwa alikuwa mnunuzi, anakuamulia atakulipa lini. Hapa mkubwa ni muuzaji, anakuamulia utapata nini. Miezi michache baada ya safari hii, Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha supamaketi za Carrefour nchini faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu zake dhidi ya wauzaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Mama yangu alinipigia simu siku hiyo. Hakusema mengi. "Hata wa asali," alisema.

Jambo la pili nililojifunza halikunifurahisha. Kikombe kile cha mawese nilikipigia hesabu kichwani. Ukivijumlisha vikombe mpaka vifike lita, mteja amelipa zaidi ya bei ya lita nzima, tena si kidogo, karibu theluthi. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini kibaba kilichojazwa hivyo kina bei yake, na anayeilipa ni yule asiyeweza kununua kibaba mara moja. Mama wa butike hakukana nilipomwambia. Mafuta hubaki kwenye kikombe, alisema, mengine humwagika, na kuna wasiolipa. Kila anayelipa anamlipia kidogo asiyelipa.

Aliyenisuta kabisa ni binti wa mwenyeji wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Tulikuwa tunakula samaki wa mukeke wa kuchoma na ndizi, mimi nikiisifu butike kama mtu aliyepata dini mpya, naye akasikiliza mpaka akachoka.

"Mjomba, wewe ni mgeni," alisema. "Yule mama anajua baba amekunywa Primus ngapi mwezi huu. Anajua nani amenunua pedi na nani amenunua dawa ya kuhara. Nikienda kununua kitu cha kike kuna wanaume watano wamekaa pale kwenye vigoda." Akanitazama, maana mimi pia nilikuwa wa kigodani. "Duka kubwa likija, mimi nitakwenda. Naingia, nachukua, nalipa, hakuna anayenijua. Na tarehe ya kuharibika imeandikwa."

Baba yake alimkemea kwa jicho. Mimi sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Sisi wanaume tunaolilia duka la mtaani hatujawahi kununua pedi mbele ya mabaraza. Tena kuna ajira: kijana anayepanga rafu Naivas ana karatasi ya mshahara, na msaidizi wa butike ana wali wa mchana.

Lakini kuna jambo moja ambalo binti hakuligusa, nami nililisikia kwa mama siku ya mwisho. Nilimuuliza ile Juni, siku 10 za noti, mtaa uliishije. Watu walikuwa na fedha zisizo fedha. Benki zilikuwa na foleni hadi jua kuzama, na ukishaweka, kutoa ni kazi nyingine. Mama alifungua daftari, akalirudisha nyuma, akanionyesha kurasa za juma lile. Zilikuwa zimejaa mpaka pembeni, majina juu ya majina, mengine yameandikwa kwa mwandiko wa mjukuu wake kwa sababu yeye mkono ulichoka. Mtaa mzima ulikula kwa daftari. Naye mama alikula wapi? Mwenye ghala la jumla katika Mtaa wa Waasia alimpa mchele na maharage bila kumdai juma lile, kwa kuwa alimjua tangu enzi za babake. Na wenzake wa ikirimba, kikundi chao cha kuchangiana kama chama kwetu, walimsogeza mbele kwenye zamu.

"Wamelipa wote?" nilimuuliza.

"Wote hapana. Wengi."

Mashine ya malipo ya Nakuru isingeweza kufanya hivyo. Haina ubaya, ila haimjui mtu. Na mayai ya mama yangu yaliliwa kwa deni pia. Tatizo ni kwamba aliyeyachukua hakuwa na kigoda ambapo mama angeweza kwenda kukaa mpaka alipwe.

Siku moja wakubwa watafika Bujumbura. Mafuta yatapatikana, dola zitapatikana, na watu wa Nairobi au Dubai watapima kiwanja. Sitawaambia Warundi wawafukuze. Binti yule angenicheka. Ningewaomba wabunge wao jambo moja tu kabla ya utepe kukatwa: iandikwe kwenye sheria siku ambayo duka hilo litawalipa wanaoliletea mayai, na aliyechelewa asiongeze tawi jingine. Kenya tumeanza kulifikiria hilo baada ya kuzika.

Niliondoka Jumamosi. Asubuhi nilikwenda kulipa deni langu nikakuta butike imefungwa na njia nzima imefungwa, kwa sababu Jumamosi asubuhi Burundi iko kwenye kazi za maendeleo ya pamoja, majembe na mafagio, hakuna kuuza wala kununua. Nilikaa kwenye kigoda nje, peke yangu. Saa tano kasoro mama alirudi na vumbi miguuni, akafungua, akalitafuta jina langu. Lilikuwa bado "Mkenya, maji", na chini yake mistari tisa. Nikalipa, akapiga mstari mmoja mrefu juu ya yote, akaniongezea ndizi mbili za njiani.

Ukienda Buyenzi, nenda na noti ndogo.